Sweta la Tusekile

Usingizi unamkuta Atuganile mchana kweupe, ameketi kigodani jikoni, miguu kaielekeza motoni, sanduku la bati liko wazi mbele yake na sweta la marehemu binti yake Tusekile limelala mapajani. Hakukusudia kulala. Alikusudia kulitazama tu, kama anavyolitazama kila siku tangu kipupwe kilipoingia, kisha alikunje, alirudishe sandukuni, na kumwambia mjukuu wake Lugano yale yale ya jana na juzi: subiri kidogo, mama, mpichi ukichanua. Maana Lugano, mwenye miaka sita na kifua kinachokohoa, ameomba jambo moja tu. Bibi, lifumue lile la mama, unifumie langu. Amefumiwa mengine mawili ya uzi mzuri, akayavua yote mawili bila ugomvi na kuyarudisha kapuni. Na bibi yake, fundi anayejulikana Uporoto yote, anayekusanya masweta ya mitumba yaliyotoboka akayafumua asubuhi na kuanza kuyafuma upya jioni, hana mkono wa kulifumua hili moja. Tuseme ukweli, anavuta siku. Anajua mpichi wa uani ukishatoa maua baridi imekwisha, na baridi ikiisha hakuna atakayeulizia sweta. Ni ujanja wa mtu mzima dhidi ya mtoto, na yeye mwenyewe anauonea aibu, lakini kila asubuhi anauchungulia mti, na kila asubuhi matawi yako uchi.

Ukungu umeshuka hadi dirishani, kuni mbichi zinatoa povu, mtoto anakohoa uani, mara moja, mara mbili, na kidole cha Atuganile kinapapasa shingo ya sweta, pale kazi ilipofungiwa, kwa sababu sweta halifumuliwi kuanzia lilipoanzia, hufumuliwa kuanzia lilipoishia. Anakipata kifundo. Anakigusa tu, hajakivuta. Kifundo kinaachia chenyewe, kope zinamwangukia, na kizingiti cha jiko kinasogea mbele hadi miguuni pake, naye anakivuka.

Upande wa pili kuna barabara ya rangi ya damu ya mzee, nyembamba, upana wa unyayo mmoja, inakwenda kulia mpaka macho yanaishia, kisha inarudi kushoto, kisha kulia tena, mstari chini ya mstari, na anaijua: ni uzi wa shingo, ambao Tusekile aliumalizia mwezi wa pili mwaka huu huu, akalivaa sweta lake miezi miwili, akafa mwezi wa nne kwa homa ya siku sita. Sweta la miaka kumi na miwili. Alilianza ana miaka kumi na minne, na alikuwa na kichaa chake, hataki uzi wa dukani, anataka alioutafuta mwenyewe kwenye marundo ya mitumba, rangi iliyomkaa rohoni, na asipoipata analiacha sweta mwaka mzima likiwa nusu. Nyumbani likageuka utani. Mvua isiyokatika, sweta la Tusekile. Hotuba ya baba wa bibi harusi, sweta la Tusekile. Walilicheka sana, na mwenyewe alicheka kuliko wote.

Njiani amesimama mwanamke mwenye gambuti, ndoo ndogo mkononi, na pale uso ulipotakiwa kuwa pako laini kama kiazi kilichomenywa. Atuganile haogopi, ndotoni mtu huogopa mambo mengine. Shikamoo, anasema, maana hajui umri wa mtu asiye na uso. Marahaba, anajibu mwanamke, unakwenda wapi? Namtafuta binti yangu. Basi tembea, lakini kwanza niambie, nani anayekwenda mbele akafika mwanzo? Atuganile anajibu upesi, hiyo ni kazi yake: anayefumua. Mwanamke anatikisa kile kichwa kitupu. Na nyuma yake anaacha nini? Hapo Atuganile anageuka, anaona kwamba nyuma hakuna barabara. Kila alipokanyaga pamefunguka, umebaki ukungu mweupe, na mkononi mwake, alipotoka mikono mitupu, kuna donge dogo la uzi, nalo linakua kwa kila hatua. Anataka kumuuliza mwanamke kama kuna njia nyingine, lakini mwanamke amekwisha kuwa ukungu na yeye, imebaki ndoo.

Anatembea, kulia, kushoto, kulia, na barabara inageuka kijani na kumwingiza kwenye mji wa nyumba za mbao, kila nyumba ina mwenzake chini yake, kichwa chini miguu juu, namna nyumba zinavyojitazama kwenye maji ya bwawa, ila hapa hakuna maji. Mji wa juu ni wa kuonyesha wageni, kuta zimenyooka, mapazia yamepigwa pasi. Mji wa chini ni upande wa ndani wa sweta, kila kitu kimening'iniza kifundo chake, pale uzi mmoja ulipoisha na mwingine kuungwa, na Atuganile anainama, anavisoma vifundo kimoja kimoja. Hiki ni mwaka ambao mchumba wa Tusekile alikwenda machimboni asirudi. Hiki ni mwaka wa kuzaliwa Lugano. Hiki hakijui, anakigeuza na kukigeuza na hakijui, na inamuuma kwamba mwanawe aliwahi kuwa na fundo ambalo mama yake hakuambiwa. Dirishani, mji wa juu, Tusekile anamenya viazi. Ana tumbo la miezi saba. Amempa mgongo, unaonekana mkono tu unaozungusha kisu. Mama, anasema bila kugeuka, karibu, keti, viazi vinakaribia. Sauti ni yake, mpaka ile pua iliyoziba kidogo. Atuganile anaketi. Nani asingeketi? Anaketi kwenye gogo la mlangoni na mji mzima unatulia, barabara haifunguki tena, donge halikui, mvuke unatoka sufuriani, naye anajua kwa ule uhakika wa ndotoni kwamba akibaki ameketi hapa viazi vitakaribia milele na binti yake hatakufa, kwa sababu mwezi wa nne ameshaufumua, haupo. Anakaa. Sijui muda gani, ndoto haina saa. Yule asiye na uso anapita, au ni mwingine, wote wanafanana kwa walichokosa, na anauliza, kitu gani hiki, ukikikumbatia wewe anapata baridi mwenzako? Atuganile anatazama pembeni, anajifanya hakusikia. Anataka viazi vyake. Kisha, kutoka ng'ambo ya ukungu, kikohozi. Mara moja, mara mbili, kinakatika katikati, namna mtoto anavyokibana kikohozi asimsumbue mtu.

Nani anakohoa, mama? anauliza Tusekile. Hakuna mtu, anajibu Atuganile. Mkono wenye kisu unasimama. Atuganile anaona jinsi ulivyo mbaya uongo aliousema, kwamba amemfuta mtoto wa mtu mbele ya mama yake, mtoto ambaye yuko humo humo tumboni anasikiliza. Anainuka. Magoti yanamuuma kama magoti ya kweli. Na viazi je? anauliza Tusekile. Nitarudi, anasema, huku anajua fika kwamba mji huu haurudiwi, na anaondoka akilia kwa sauti, bila kujizuia, kama alivyolia makaburini, na nyuma yake anausikia mji wa kijani ukifunguka kitanzi kwa kitanzi, dirisha, sufuria, mgongo.

Baada ya kijani ni kijivu, na kijivu ni kirefu, miaka ile Tusekile alikuwa akisoma bweni na kufuma likizo tu, barabara imejaa vitanzi vilivyorukwa na Atuganile anajikwaa kwenye kila kimoja na kukibariki. Donge limekuwa kubwa sasa, analibeba kwa mikono miwili. Baada ya kijivu ni manjano, na manjano ndiyo pindo, na penye pindo barabara inaisha. Hapo ameketi msichana wa miaka kumi na minne, kichwa kimenyolewa cha shule, amempa mgongo vile vile. Mama, umetoka wapi, umelowa ukungu. Nimetoka kwa mwanao. Msichana anacheka. Mwanangu? Mimi? Anaitwa nani? Anaitwa Lugano. Jina zuri, anasema msichana, analionja mdomoni, Lugano, halafu anauliza kama mtu anayeuliza habari za kawaida tu, ana sweta? Nimemwambia asubiri mpichi uchanue, anasema Atuganile. Mpichi! Mpichi umeanza kufuma lini, mama? Na anacheka tena, lile cheko lililokuwa likijaza nyumba, na Atuganile anaona haya mpaka masikioni.

Umebaki mstari mmoja chini ya miguu yao, na mstari huu si wa Tusekile. Anayejifunza hapewi kuanza. Mstari wa kwanza huanzishwa na anayefundisha. Atuganile anavitambua vitanzi vyake, vimekaza, vimelingana, mia na kumi, alivihesabu kwa sauti siku ile na kusema viwe vingi, utakua. Kumbe kazi yote ya mwanawe ilisimama juu ya mkono wake yeye, na akiuvuta huu atakuwa amefumua siku ile waliyokaa mkekani, kichwa cha mtoto chini ya kidevu chake, mikono minne kwenye sindano mbili. Siwezi, anasema. Msichana, bila kugeuka, ananyoosha mikono yote miwili nyuma, vidole vimetawanyika, namna mtu anavyomshikia mwenzake uzi apate kuuzungusha uwe donge. Vuta, mama, nimeshika. Anavuta. Vitanzi vinatoka, mia, hamsini, kumi, uzi unalegea kwenye vidole vile vyembamba, na katika kitanzi cha mwisho hakuna vidole.

Moto umefifia. Atuganile yuko kigodani, sanduku liko wazi, na mapajani mwake hakuna sweta, kuna donge, kubwa, manjano juu na rangi nyingine zimejificha ndani. Anaitazama mikono yake. Hakumbuki kuvuta hata uzi mmoja. Uzi umejikunjakunja kama uzi wowote uliokaa miaka katika umbo moja, na una joto, lakini hata ndotoni ulikuwa na joto. Mlangoni ameketi mtoto, kichwa kimenyolewa cha shule, amempa mgongo, na ukungu nyuma ya mtoto ni ule ule. Hajui ni yupi. Akiita Tusekile akageuka Lugano, mtoto ataijua siri ambayo mtoto hapaswi kuijua kamwe, kwamba bibi yake alikuwa akimtaka mwingine. Akiita Lugano asigeuke mtu, basi bado yuko kule, na kule kuna binti yake, na Mungu amsamehe, kipande cha moyo wake kinaomba iwe hivyo. Anaita Lugano.

Abee, inasema sauti, ile pua imeziba kidogo.

Njoo nikupime, anasema. Mtoto anainuka, anakuja, anasimama mbele yake na kunyanyua mikono juu bila kuambiwa. Atuganile anapima kwa shibiri, bega hadi bega, kwapa hadi kiuno, macho ameyashusha kifuani pa mtoto na hayapandishi, anaogopa kuukuta uso na anaogopa zaidi kutoukuta.

Bibi, mbona unalia?

Usitikisike, anasema, nahesabu.