Kiti cha Mtu wa Chala

Beda alitoka Chala Jumatatu, akisukuma baiskeli kwenye tope, ili ndege ya Jumatano isimwache. Mkewe Kristiana alikuwa amefia hospitali Dar es Salaam. Shemeji yake alipiga simu misheni: barabara imekatika, maiti haiwezi kurudishwa, watazika Alhamisi saa nne asubuhi. Kristiana aliwahi kusema azikwe na kitenge cha harusi yake, na Beda alikuwa nacho ndani ya begi.

Uwanja wa ndege wa Sumbawanga alifika wa kwanza. Ndege ilikuwa ndogo, ya abiria kumi na wawili, hivyo mizigo na watu walipimwa kwenye mizani ya magunia ya mahindi. Begi la Beda likapimwa, likapakiwa. Zamu yake mwenyewe ilipofika, akamwona nyuma yake mzee mmoja, Eustaki, akitetemeka kwa upepo. Akamwamkia, akampisha. Binti wa mzee naye akapita na baba yake, na wengine wakafuata. Beda alilelewa hivyo. Kampuni ya ndege nayo ilikuwa na malezi yake.

Otilia, wakala wa kampuni, akafunga daftari. Viti vimejaa. Nje wamebaki wawili: mwalimu mmoja, aliyeondoka akitukana, na Beda.

Otilia hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. Alieleza kwa upole kwamba masika kila safari watu wawili watatu hukwama njiani, hasa wa Chala. Kiti kitupu ni hasara, na siku hizi ndege ni za watu binafsi, serikali haibebi hasara ya mtu. Kwa hiyo huuza tiketi za ziada. Leo wamefika wote. Atapanda Ijumaa.

"Kwa hiyo mliniuzia mkitegemea sitafika?" Beda aliuliza.

Otilia akainamisha kichwa. "Ndivyo tulivyopiga hesabu, baba."

Na begi? Limekwisha kufungiwa mkiani. Ndege ikaruka.

Alhamisi saa nne Beda alikuwa kanisani Kizwite, pale pale mjini Sumbawanga, peke yake, kofia mapajani, akilia bila kujificha.

Ijumaa ndege ilirudi na begi, kamba ikiwa haijafunguliwa. Shemeji alikuwa amelifuata uwanjani Dar es Salaam, wakamnyima, maana kipande cha tiketi ya mzigo alikuwa nacho Beda. Mvua ilikuwa imenyesha na abiria watano walikuwa wamekwama. Otilia akamwita mbiombio: leo viti vipo, achague hata cha dirishani.

Beda akalifunga begi nyuma ya baiskeli, akaanza kusukuma kurudi Chala.