Ukungu Usoni mwa Phares

Kavinya alikuwa hajauweka chini mkebe wa vanishi alipoona uso wa marehemu Phares ukianza kupotea pichani.

Ulianzia kwenye paji. Ukungu mweupe, kama maziwa yaliyomwagika majini, ukatambaa hadi machoni, ukashuka mdomoni. Akainama, akijiambia ni macho yake tu yanamdanganya. Hayakuwa yakimdanganya.

Picha hiyo haikuwa na pacha. Aliichapisha juzi kwa printa yake ya wino, kwenye karatasi nzito ya pamba, moja kwa moja kutoka simu ya Mama Winny, mjane wa Phares. Jana simu yenyewe ikanyakuliwa na mwizi mtaani Shauri Moyo. Kesho picha ingetangulia jeneza hadi kaburini, na mvua ya siku hizi haina haya. Wino ule ukidondokewa na maji hutiririka. Ndiyo maana ilibidi picha ipuliziwe vanishi.

Na alikuwa mwangalifu, masikini! Chumba chao cha mtaa wa Jericho ndicho jikoni, ndicho studio. Alizima jiko la gesi, maana vanishi ya mkebe hushika moto upesi. Akafunga mlango na dirisha, kwa sababu kakake, Nzau, alikuwa kibarazani akipiga msasa fremu isiyo na kioo, na vumbi la mbao lilikuwa likiruka. Kumbe sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, iliyochemka tangu asubuhi ilikuwa bado inafuka pembeni. Alikumbuka moto, akasahau mvuke. Vanishi ikanywa unyevu wote wa chumba.

"Sistee, umezimia huko ndani?" Nzau aliita. "Fremu iko tayari. Lete mzee apate nyumba."

"Usiingie!"

"Haya, madam. Lakini Mama Winny huyo, amefika."

Aifunike picha? Aseme printa imeharibika? Kabla hajapata uongo wa kufaa, Mama Winny alikuwa ndani, mwavuli ukichuruzika sakafuni.

"Yuko wapi mzee wangu?"

Kavinya akaonyesha meza. Mama Winny akatazama, akanyoosha mkono.

"Usiguse, mama! Bado ni mbichi." Kavinya akamzuia. "Nimekosea. Nilipuliza chumba kikiwa na mvuke. Nikipuliza tena kidogo, hewa ikiwa kavu, huenda ukungu ukayeyuka. Huenda pia nikammaliza kabisa."

"Umewahi kufanya hivyo?"

"Sijawahi. Nilisoma tu."

Mama Winny akaketi kitandani. Akautazama ule ukungu hata Kavinya akatamani atukanwe.

"Wewe ndiye uliyemfunika, mwanangu," alisema mwishowe. "Mfunue."

Sufuria ikatolewa nje. Mlango na dirisha vikafunguliwa. Nzau akanyang'anywa msasa. Mvua ilipopumzika na jua kuchomoza, upepo ukakausha chumba. Kavinya akautikisa mkebe, akasimama mbali, akapuliza utando mmoja mwembamba. Nyuma yake Mama Winny alikuwa akiomba chini chini kwa lugha ya kwao.

Hakuna kilichobadilika. Kavinya akafumba macho. Alipoyafumbua, Phares alikuwa akimtazama. Macho yalitangulia kurudi, kisha mdomo, kisha masharubu. Begani tu pakabaki doa jeupe.

Jioni, vanishi ilipokauka, Mama Winny aliomba kikombe cha maji.

"Sasa nionyeshe kama itastahimili."

"Mama, tafadhali. Tuiache hivyo."

"Kesho mbele ya ndugu zake wote, mvua ikinyesha, nitaogopa peke yangu. Leo tuko wawili."

Akachovya kidole, akakiinua juu ya picha. Kavinya akamshika mkono mwingine, akaubana. Tone likaanguka chini ya jicho la Phares, likatulia, likatetemeka. Kisha likateleza shavuni taratibu hadi ukingoni mwa karatasi, likadondoka mezani. Kavinya akaligusa. Halikuwa na rangi ya wino.

Mama Winny akacheka, machozi yakimtoka.

"Miaka yote hiyo," alisema, "hajawahi kulia mbele yangu."