Meno Mapya ya Redio

Kinyozi yule mtaa mzima ulimwita Redio, na jina lenyewe alilipata kwa haki. Kuanzia anapokufunga shuka shingoni mpaka anapokupaka poda kisogoni, mdomo wake haukutua. Habari za ndoa zilizovunjika kwa sababu ya kijiko, za mbwa aliyemfuata mwenye nyumba mpaka mahakamani, za jamaa aliyejifanya amekufa ili akwepe harusi yake mwenyewe, zote zilipatikana kwenye kile kiti chake cha kuzunguka. Watu waliwaruka vinyozi wa karibu na kwao wakaja kusubiri zamu kwenye benchi lake. Kunyolewa wangenyolewa popote. Walikuja kusikiliza.

Ila meno yalikuwa yakimhama. Alipokaribia sabini alibaki na machache juu na machache chini, tena yanayocheza. Maneno hata hivyo yalitoka sawasawa, maana mapengo yalikuja moja moja na ulimi ukapata muda wa kujifunza njia. Tabu ilikuwa kutafuna. Nyama alikuwa akiimeza nzima nzima kama anayeficha ushahidi, na tumbo likaanza kumlalamikia usiku.

Wanawe wakakaa kikao bila yeye. Binti mkubwa, mhasibu, ambaye neno lake katika familia ile lilikuwa mhuri, alisema haiwezekani baba yao awe kibogoyo na wao wapo. Wakachangishana, wakampeleka kwa daktari wa meno, mama mmoja mpole mwenye mikono myepesi. Akayang'oa yale yaliyobaki, akachukua vipimo, na ufizi ulipopona akamvalisha safu mpya mbili, ya juu na ya chini, nyeupe kama sahani za wageni. Binti akampiga picha palepale kwenye kiti. Hawajafika hata mlangoni, ndugu wote walishaipata, na majibu yanamiminika kwamba mzee amerudi ujana, mama aanze kulinda mali yake.

Redio alitaka kusema asante. Ile S ikatoka na firimbi.

"Utazoea," daktari akamwambia.

Mkewe alisema hivyohivyo walipofika nyumbani, akiwa anamwangalia anavyougeuza mkate mdomoni kama mtu anayetafuta mlango gizani. Mkwewe naye akasema. Jirani aliyekuja kuyaona meno naye akasema, wakati yeye mwenyewe ana yake yote thelathini na mbili.

Mteja wa kwanza baada ya hapo alikuwa karani wa posta, mtu wa miaka mingi pale kitini. Redio akamfunika shuka, akawasha mashine, akaanza ile ya jamaa aliyejifanya maiti. Alipofika "sasa sikiliza," firimbi ikalia mara mbili. Akaharakisha ili aifunike, mate yakaruka, yakatua kwenye shingo ya karani. Na pale penyewe pa kuchekesha, maiti anapopiga chafya, safu ya chini ikanyanyuka ikagonga ya juu, ka, na neno likapotea.

Karani alitazama kwenye kioo, kisha kwa haraka akayatazama magoti yake. "Meno yamekupendeza sana, Mzee," alisema.

Hilo ndilo lililomuumiza. Katika kibanda kile watu walikuwa wakitaniana upara, matumbo, wakwe na miguu iliyopinda. Hakuna aliyewahi kustahiwa humo. Kama karani angesema, Redio wewe umemeza kengele, angecheka naye na yangeisha. Lakini alistahiwa, kama mgonjwa anavyostahiwa, na Redio akajua ni kubaya.

Tangu siku hiyo akafunga mdomo. Wateja wakiuliza habari, anajibu kwa "mh" na "ehee". Mmoja akaona kimya kimezidi, akamletea redio ndogo ya mkononi iwekwe pale dirishani, na kwa wiki kadhaa Redio alinyoa watu huku mashine ile ikizungumza badala yake, bei za mazao na matangazo ya sabuni. Aliichukia kwa moyo wote. Benchi likaanza kupungua watu. Kwa watu wasio na la kusikiliza, kinyozi wa karibu na nyumbani anatosha.

Aliyemkera kuliko wote alikuwa Dereva. Huyu aliendesha malori maisha yake yote, wakawa wanalingana umri na uzee, na kila Jumamosi alikuwa kitini hata kama hana nywele za kunyolewa. Sasa Redio alikuwa akimumunya maneno, midomo ameibana ili safu ya chini isiruke, na Dereva anainama mbele, anamkodolea macho mdomoni kupitia kioo, anauliza, "Unasemaje?" Redio anarudia. "Unasemaje?" anauliza tena. Jumamosi moja aliuliza mara tatu kwa jambo moja, na Redio, ambaye usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala kwa vidonda vya ufizi, alilitupa chanuo mezani akamwambia kama amekuja kumkejeli basi amekejeli ya kutosha, aende. Dereva alifungua shuka mwenyewe, akaondoka na kichwa kilichonyolewa upande mmoja. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine.

Vidonda vilipozidi, binti akampeleka tena kwa daktari. Daktari akauliza anaumwa wapi, binti akajibu. Akauliza anakula vizuri, binti akajibu, akaongeza kwamba tatizo ni ukaidi, hataki kuyazoea. Redio alikaa katikati yao mdomo wazi, taa usoni, akisikiliza watu wawili wakizungumza juu yake kama mafundi juu ya pikipiki. Daktari akakwangua pembeni kidogo, akasema taya za kila mtu hukataa mwanzoni. Utazoea, Mzee.

Nyumbani akawa anakula akiwa peke yake, jikoni, meno yakiwa kwenye kikombe cha maji. Mkewe alimfuma siku moja, akampondea tu viazi vizuri zaidi kwa uma. Lakini binti alipopata habari alinuna, maana kwake kuyavua meno yale kulikuwa ni kuwakataa wao.

Mambo yakapasuka siku ambayo wakwe wa binti walikuja kula chakula cha mchana. Meza imejaa, watu wamevaa vizuri, na baba mkwe, mzee mcheshi, akasema amesikia sifa za hadithi za mwenye nyumba kwa miaka yote, leo hatoki bila hata moja. Redio akatikisa kichwa. Binti akamwambia kwa upole, mbele ya wote, "Baba, jaribu tu. Ongea polepole."

Akaongea polepole. Hadithi ya kuchekesha ikisemwa polepole inageuka risala ya mazishi, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale mezani. Firimbi ikaanza. Mama mkwe akainamia sahani. Safu ya chini ikateleza juu ya ulimi, akaisukuma mahali pake kwa kidole, ikateleza tena. Hapo hasira ya miezi yote ikampanda. Akayatoa meno, safu zote mbili, akayaweka juu ya kitambaa cha meza karibu na chumvi, akaanza hadithi upya kutoka mwanzo. Maneno yalitoka mapana, yamepoteza kingo, lakini yalitoka kwa mwendo wake. Baba mkwe alicheka mpaka akashika ubavu. Wengine hawakujua waangalie wapi. Binti aliinuka akaenda jikoni.

Redio alimkuta huko baadaye, amesimama mbele ya sinki, maji yanatiririka bure.

"Umenidhalilisha mbele ya wakwe zangu," binti alisema. "Tulijinyima, Baba. Tulitaka upendeze."

"Nimependeza. Kila mtu ananiambia. Na tangu nipendeze hakuna anayenisikiliza."

"Ungesema."

"Ningesemaje, mwanangu? Kwa mdomo upi?"

Binti alifunga bomba, akampita. Walimaliza siku ile wakipishana kama wapangaji.

Juma lililofuata Redio alikwenda kwa daktari peke yake, hakumuaga mtu. Daktari akamwonyesha kiti kile kirefu, yeye akakataa. Alivuta kigoda cha daktari mwenyewe akakikalia, akamwomba naye akae, asimwangalie mdomoni, amsikilize tu. Akamsimulia ile ya maiti anayepiga chafya. Akaisimulia yote, na firimbi zake, na mate yake, na ile ka ya mwishoni. Ilikuwa hadithi mbovu kuliko zote alizowahi kusimulia, na alikuwa akitokwa jasho alipoimaliza.

Daktari aliichukua kadi ya Redio. Kisha akamuuliza anafanya kazi gani. Alikuwa hajawahi kumuuliza. Kwenye kadi palikuwa na umri tu, na umri ule ulimwambia kwamba huyu ni mstaafu anayehitaji kula na kupiga picha na wajukuu.

Daktari alimweleza ukweli, na haukuwa mtamu. Safu ya juu ingeweza kutengenezwa upya, iwe nyembamba kwenye kaakaa, meno ya mbele yarudi nyuma kidogo, na firimbi ingepungua. Ya chini ilikuwa kesi nyingine. Mfupa wa taya ulishalika kwa miaka yote aliyokaa na mapengo, na hakuna mkono wa kuurudisha. Safu ile itacheza daima, atalazimika kuishika kwa ulimi na mashavu, na kujifunza kusema hivyo kutachukua miezi.

"Kwa nini hukuniambia siku ya kwanza?" Redio aliuliza.

"Watu wengi hukata tamaa wakiambiwa," daktari alisema. "Nilikosea, Mzee."

Alitengenezewa safu nyingine ya juu. Firimbi ilipungua kweli, ikabaki kwenye maneno machache ambayo akaanza kuyakwepa, akisema "hivi" pale aliposema "sasa", na "tega" pale aliposema "sikiliza". Alifanya mazoezi kibandani kabla ya kufungua, peke yake mbele ya kioo, akijitukana kila safu ya chini ilipomponyoka. Ile redio ya dirishani akamrudishia mwenyewe. Karani wa posta alirudi. Wengine wengi hawakurudi tena.

Ndipo akaenda kwa Dereva kumwomba radhi. Alimkuta sebuleni, televisheni inapiga kelele hadi madirisha yanatetemeka. Redio alisimama mlangoni, akasema yale aliyoyapanga njiani. Dereva akainama mbele, akamkodolea macho mdomoni.

"Unasemaje?"

Damu ikampanda Redio tena, lakini mke wa Dereva akatoka chumbani, akazima televisheni, akamwambia kwa sauti ya kuchoka kwamba mume wake hasikii. Yapata mwaka na nusu sasa. Mitetemo ya malori, walisema hospitali, na umri.

"Mwaka na nusu?" Redio alisema, mdomo wazi. "Alikuwa akicheka hadithi zangu zote."

"Nilikuwa naziona," Dereva alisema, naye alikuwa amekasirika. "Wewe mdomo wako ulikuwa unaonekana toka barabarani. Halafu ghafla ukaacha kuufungua. Nikajua ndiyo basi, masikio yameisha kabisa. Nikauliza, unanifukuza. Nimekaa humu ndani nasubiri kuwa kiziwi."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe uliniambia meno yanakuuma?"

Walitazamana, wazee wawili wenye hasira, na mke wa Dereva akaenda kuchemsha chai, akisema jikoni peke yake mambo ambayo Dereva hakuyasikia na Redio alijifanya hakuyasikia.

Redio akavuta kiti, akakaa uso kwa uso na Dereva kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kumpa habari za miezi yote. Ilibidi afungue mdomo wazi ili aonekane, na akiufungua wazi safu ya chini inanyanyuka. Akiibana, Dereva haoni kitu. Alisimulia kisa kimoja, cha mwenye nyumba mmoja na wapangaji wake, mara tatu. Mara ya tatu hakikuwa na ladha hata kwake mwenyewe, na Dereva alicheka, lakini alicheka mahali ambapo si pake, katikati, pale mwenye nyumba anapofiwa na mama yake.

"Hapo hapachekeshi," Redio alimwambia kwa ukali.

"Nini?"

Redio alivuta pumzi, akaiweka safu ya chini mahali pake kwa ulimi, akaanza tena kutoka kwa mwenye nyumba.