Kiti Kilichogeuzwa Ukutani

Basi lilipoipita Chimala nilikuwa nimejifunika kanga gubigubi, na vumbi lilikuwa sababu ya pili tu. Sababu ya kwanza ilikaa mbele, karibu na dereva, na kofia yake ya pama kichwani: baba mkwe wangu. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, katikati ya magunia ya mpunga, nimeinamia magoti. Tulipofika Igawa abiria wakashuka kunyoosha miguu, mimi nikabaki. Mama mmoja akaniuliza, "Dada, unaumwa?" Nikamwambia ndiyo, naumwa ukwe. Akacheka mpaka akashika mbavu, maana naye alikuwa Mnyakyusa.

Nieleze, kwa kuwa vijana wa siku hizi wanakula meza moja na wakwe zao na kugombea nao minofu. Kwetu wakati ule mke hakumtazama baba mkwe, hakusema naye, hakukaa naye chumba kimoja, wala jina lake hakulitaja. Mimi hata leo silitaji. Ukimwona njiani unaingia porini, siafu wakung'ate huko huko. Ukristo ulikuwa umelegeza mambo kwa wengine, lakini mzee wetu, pamoja na uzee wake wa kanisa, aliishika desturi sawasawa na Amri Kumi. Nilimpikia ndizi miaka na miaka, na shukrani zikanifikia kwa mdomo wa mume wangu, Anania, fundi wa cherehani: "Baba anasema chumvi imekaa sawa." Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote.

Na sasa sote wawili tulikuwa tunakwenda Iringa, kwenye mkutano mmoja.

Ilikuwa mwaka 1957. Mbeya na Iringa zilikuwa na Chama cha Ujirani, chama kidogo cha watu wa rangi zote. Kilileta wageni kutoka nchi za nje wakalala majumbani mwetu na kuonja maisha yetu, kisha kikapeleka watu wetu kwao wakaonje ya huko. Wazo zuri sana. Ila waliopelekwa walikuwa wanaume, na waliofua mashuka ya wageni tulikuwa sisi. Mwaka uliotangulia nilimlaza nesi mmoja kutoka Denmaki. Tulimenya ndizi pamoja jikoni, akajikata kidole, tukacheka. Siku ya kuondoka akanishika mikono, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Tupokigwe, wewe kuja kwangu lini?" Nikatabasamu kama mjinga. Swali lile likanikwama rohoni.

Basi kiti kimoja cha kamati kikabaki wazi, wakasema safari hii kitakuwa cha mwanamke. Nikaomba. Nilikitaka, jamani! Nilikitaka hadi usingizi ukanipaa. Niingie mle niseme: na wanawake nao waende. Tatizo ni kwamba baba mkwe alikuwa mjumbe wa kamati hiyo hiyo. Anania alipompelekea habari, alirudi uso umemshuka.

"Baba anauliza, wewe ukikaa mle, yeye akae wapi? Juu ya paa?"

Nikajua kura yake nimeikosa.

Iringa tuliikuta na baridi ya kugonganisha meno. Wa kwanza kuitwa ukumbini alikuwa mshindani wangu, Mwanahawa binti Yunusu, ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa pale mjini. Nilimsikiliza nikiwa barazani. Lo, Kiswahili! Kilimtoka kimenyooka, kile cha pwani walikotoka wazazi wake. Changu kilikuwa cha milimani, cha kuruka mawe. Alipomaliza akakaa kwenye benchi la pembeni, nami nikaitwa.

Nilifika mlangoni nikasimama. Mwisho wa meza niliiona kofia ya pama, nikainamisha macho hapo hapo. Nikasikia kiti kinaburuzwa. Nilipothubutu kutazama, baba mkwe alikuwa amekigeuza kiti chake, amekaa uso ukutani, mgongo kwetu sote. Nikaelewa kwamba amenipa njia. Nikaingia.

Lakini mwenyekiti, Mzungu mmoja mwenye shamba la chai huko Mufindi, akawa mwekundu. "Mzee! Kama hapana taka huyu mama, sema kwa mdomo. Hapana mpa yeye mgongo!"

Wajumbe wakanong'onezana. Mmoja akasema waziwazi, "Ikiwa mkwewe mwenyewe hataki hata kumwona, sisi je?" Niliona kiti kinaniponyoka hivi hivi. Kumtetea baba mkwe mbele yake sikuweza, na kujitetea mwenyewe ndiyo kabisa.

Aliyeinuka ni Mwanahawa, na kumbuka huyu alikuja kunishinda. "Kwa idhini yako, bwana mwenyekiti. Hiyo si dharau, ni haya. Hata kwetu mkwe ana heshima yake. Muulizeni mzee mwenyewe."

Baba mkwe akauambia ukuta, "Nikimtazama nitakuwa nimemkosea. Lakini masikio sijaziba. Aseme."

Nikasema. Hakuwahi kuisikia sauti yangu kabla ya siku ile. Nilisimulia juu ya nesi na kidole chake, juu ya swali lake na juu ya mashuka. Nilipokwama nikachomeka Kinyakyusa, sikujali. "Mgeni akija kwangu kila mwaka," nikasema, "na mimi kwake sifiki, huo si ujirani. Mimi ni dobi wake tu." Wengine wakacheka, na mabega ya baba mkwe yakatikisika kidogo. Ndiyo, nilikuwa namtazama, Mungu anisamehe, nikijiambia kuwa mgongo si uso. Kisogo kilikuwa kimejaa mvi. Kola ya shati ilikuwa imechakaa ikageuzwa, nikautambua ushonaji wa Anania. Mabega membamba kama ya mwanangu! Huyu ndiye niliyekuwa namkimbia hadi vichakani miaka yote. Nilimhurumia, na nikampenda.

Mwenyekiti akaomba mikono ya wanaomtaka Mwanahawa, ikahesabiwa. Akaomba ya wanaonitaka mimi. Mkono wa baba mkwe ukatangulia mingine yote, umenyooka hadi juu, vidole wazi.

Nilizidiwa kura moja. Mwanahawa akaja kunikumbatia, na kusema kweli alikistahili kile kiti. Ndiye aliyepeleka wanawake wa kwanza nje, nami nikiwemo. Nilikwenda Denmaki, nikamenya viazi jikoni kwa yule nesi. Lakini yote hayo yalikuwa bado mbali. Siku ile niliona nimekosa, na machozi yakanitoka mbele za watu.

Chai ikaletwa. Wajumbe wakavuta viti, wakaanza kuzungumza bei ya pareto. Kule ukutani mkono wa baba mkwe ulikuwa bado uko juu. Makofi aliyasikia, na jina lililotangazwa alilisikia. Hakuushusha. Nami, nisiyeruhusiwa kumwambia hata neno moja, nilisimama nyuma yake, chai ikinipolea mkononi, hadi alipochoka.