Uji wa Magadi

Kande alijibanza kando ya kitanda, flaski ya uji mapajani, akimtazama daktari akimpaka binti yake, Lantana, jeli kifuani. Lantana alikuwa na wiki tatu tangu ajifungue. Miguu ilikuwa imevimba hadi ngozi inang'aa, na kwa kuwa hakuweza kulala chali, alipimwa nusu amekaa, akihema, akifumba macho kwa uchovu.

Hakuna aliyeweza kumsuta Kande kwa uvivu. Mji mzima wa Zaria nani alimkanda mzazi kama yeye? Maji ya kuchemka asubuhi na jioni, makaa chini ya kitanda, na uji wa mtama uliokolea magadi ili maziwa yatoke.

Daktari Laraba akamgeuzia skrini. "Huo ndio moyo wake, Mama. Ukipiga, unatakiwa kubana hivi." Akafumba ngumi. "Huu unatikisika tu. Moyo mzima husukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyomo. Wa Lantana hata robo haufikishi."

"Atapona?"

"Wengine hupona." Akaifuta jeli, akakipangusa kile kifaa cha kupimia. "Anakula nini?"

"Uji. Wa magadi."

"Subhanallah! Mama, magadi si chumvi tupu hiyo? Chumvi inazuia maji mwilini, na moyo huu hauna nguvu ya kuyasukuma. Unamzamisha mwanao! Uji huo basi, na kama mnamwekea makaa, basi. Asiunywe hata tone."

"Lakini dada yake alipojifungua nilimpunguzia magadi," Kande alisema. "Barira. Alikuwa hautaki uji huo, nikamhurumia. Akavimba hivihivi, akafa kabla ya arobaini. Msibani wakanisema, eti magadi hayakutosha. Ndiyo maana huyu nimemwongezea."

Daktari akatoka kwenda kutafuta dawa.

Kande alitamani ardhi ipasuke immeze. Mikono yake mwenyewe! Alilia kimyakimya, kanga mdomoni, asimwamshe mgonjwa. Lantana akafumbua macho hata hivyo.

"Unalia nini, Mama? Nipe uji kidogo, koo limekauka."

Flaski ilikuwa imejaa pomoni. Kande akaikumbatia.

"Umekwisha, mwanangu."

"Basi kesho uniletee mwingi," Lantana alisema, akivuta pumzi kwa shida. "Naona ndio unaonisaidia."