Mama Mzito, Mama Mwepesi

Mama alifariki Jumanne saa nne asubuhi, wakati binti yake mkubwa anatunga uzi ili ampunguzie gauni la kulalia. Binti huyo, fundi cherehani, alikuwa amemuuguza miaka tisa, akimgeuza, akimwogesha, akimbeba mgongoni kumtoa nje kuota jua. Alimaliza pindo, akakata uzi kwa meno, ndipo akampigia simu mdogo wake, mwalimu wa muziki, aliyezoea kuja mara mbili kwa mwaka na maua.

Wiki ya tatu mama alirudi, mara mbili. Kwa mdogo alirudi akiwa chiriku, akatua dirishani akaimba wimbo wa kubembelezea mtoto, akimtaja kwa jina la utani, Kipenzi. Kwa mkubwa alirudi akiwa koala, mnyama wa mitini mwenye mfuko tumboni. Alipanda juu ya kabati akalala. Alipoamka, alimdandia fundi mgongoni, palepale pa zamani. Wote wawili walikuwa na kovu la mama juu ya jicho la kushoto.

Jumapili walikutana kwa fundi kuwalinganisha.

“Dada, wako kazi yake kulala tu?”

“Na kula. Nusu kilo ya majani ya mkaratusi kwa siku.”

“Wangu jana kanitaja mara sita.” Mdogo akacheka. “Usininunie bwana. Mama ni mama.”

“Mama ni mama ukiwa umekaa. Hebu mbebe.”

Mdogo alisema anaumwa mgongo.

Fundi hakuwa na la kujivunia ila ule mfuko. Alikuwa ameupima kwa utepe: unatosha ngumi moja. Basi mbele ya mdogo wake akaingiza mkono, taratibu. Koala, macho yamefumbwa, akausukuma nje.

Chiriku akaruka kutoka begani kwa mdogo, akaingia mfukoni, akakunja mabawa. Koala akafumbua macho yote mawili, akamfunika kwa kiganja.

“Kachoka,” alisema mdogo, akitazama saa. “Acha alale hapa. Asubuhi umwachie aje.”

Siku hizi fundi hushona akiwa amewabeba wote wawili. Kukipambazuka hufungua dirisha, chiriku akaenda kwa mdogo wake kuimba.