Hizi ni za Sola

Kwanza nilisikia tik ya swichi gizani, kisha juu ya vichwa vyetu pa, pa, pa, kama bisi zinapoanza kupasuka sufuriani. Saa moja jioni, redio ya jirani ilipolia tu tukajua umeme umerudi, na mume wangu Nathanaeli akaiwahi swichi ya sebuleni azione taa mpya za dari zikiwaka kwa mara ya kwanza. Hazikuwaka. Ziliungua zote sita, harufu ya plastiki ikatushukia.

"Huyu ni fundi gani?" akasema, na hapohapo akatoa simu kumwita.

Jibu nilikuwa nalo.

Silingi ilipokamilika wiki iliyopita, Nathanaeli aliniambia, "Taa chagua wewe, msomi wetu." Msomi, kwa sababu nasoma masomo ya jioni, na mwaka huu nimefaulu mtihani wa QT, ule wa watu wazima unaolingana na kidato cha pili. Nikavuka mpaka hadi Nakonde. Muuzaji, Mzambia mpole, aliniita bamayo, yaani mama, akanionyesha taa za duara, nyembamba kama visahani vya chai. Nilizipenda mara moja. Nikasoma boksi kwa sauti mbele ya wateja wengine: kumi na mbili. Wati kumi na mbili, nikasema, nikalipa. Sikuuliza kitu. Msomi anauliza nini?

Leo asubuhi Luka, fundi umeme wa mtaani kwetu, alipanda ngazi na taa moja, akaigeuzageuza, akashuka nayo.

"Mama Pendo, hizi ni za sola. Hapa pameandikwa DC."

"DC si mkuu wa wilaya?" nikamtania.

Akacheka. "Huyo ni mwingine. Huyu wa hapa akikutana na umeme wa nguzo anakufa. Anataka volti kumi na mbili tu."

"Hizo ni wati, fundi."

"Wati wanaandika W, mama. Hii ni V."

Binti yangu Pendo, wa miaka mitano, alikuwa ameshikilia ngazi kwa mikono miwili, akituangalia. Ningeweza kusema, hebu lete nione. Badala yake nikasema maneno ambayo hadi sasa yananichoma kifuani: "Fundi, wewe umeishia la saba. Mimi nimesoma. Funga."

Luka alifuta jasho. "Basi tungoje umeme urudi, tujaribu moja."

Nikakataa hata hilo. Nilitaka Nathanaeli akirudi kutoka kazini Vwawa azikute zote juu. Akafunga, tena akafunga vizuri, mstari umenyooka kama uzi, akaondoka bila kuniangalia.

Sasa, baada ya kuitwa, Luka alikuwa amesimama mlangoni kwetu na tochi yake mkononi. Nathanaeli hakumkaribisha hata kiti.

"Luka, ni wewe niliyekupendekeza ukafunge taa za kanisa? Watu wakasali chini ya vitu vinavyolipuka? Jumapili nawaambia wazee watafute fundi mwingine."

Kazi ya kanisa Luka aliiomba tangu mwaka jana. Mtaa mzima tunajua.

Akainua tochi, mwanga ukanipata usoni. Nikangoja anitaje. Akaishusha haraka, ikamulika sakafu.

"Nitazitoa, kaka," akasema. "Unisamehe."

Alikuwa ananisitiri, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, mtu niliyemwambia ameishia la saba. Nikajifunga kitenge upya ingawa kilikuwa hakijalegea. Nilijua sentensi ninayopaswa kuisema, ilikuwa fupi, na haikunitoka.

"Labda hatukuelewana tu," nikasema, "mimi na fundi."

Hata sauti yangu niliionea aibu.

Pendo akaja akipapasa, akanishika mkono. Kila jioni huwa namwelekeza herufi kwenye daftari lake, akisahau namkumbusha polepole, bila kumkaripia. Nadhani aliona ni mimi niliyesahau leo, kwa hiyo akanikumbusha vilevile, polepole.

"Mama, fundi alisema ni za sola, wewe ukasema umesoma."